Kumpima Mtoto kwa Lugha Ambayo Hakuisomea

Februari, miaka mitatu iliyopita, niliitwa kutoka darasani kwenda kwenye chumba cha usaili cha shule ya kimataifa ninakofundisha Kiswahili hapa Dar es Salaam, ili nitafsiri mazungumzo kati ya msaili na wazazi wa mtoto aliyekuwa ameomba nafasi ya ufadhili. Mtoto huyo alisoma shule ya msingi ya serikali huko Mbagala, alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba Septemba iliyotangulia na kupata alama A katika Hisabati, na baba yake ni fundi seremala. Nilikaa pale kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Nilipotoka nilikuwa na hakika kwamba tumekutana na mtoto mwenye kipaji cha hesabu cha nadra, lakini baada ya wiki mbili kamati ilimkataa, na katika jalada lake likaandikwa neno moja ambalo limenikaa moyoni hadi leo: uwezo. Tangu hapo nimekuwa nikisoma, nikiuliza wenzangu wa shule nyingine, na nikiandikia uongozi barua moja baada ya nyingine kuhusu namna shule zetu zinavyochagua wanafunzi.

Shule hizi hazikuanza kwa kuchagua. Shule ya Kimataifa ya Geneva ilifunguliwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani, ambao wazazi wao walihamishiwa mji usiokuwa na shule ya kuwafaa wote kwa pamoja. Hapa kwetu, International School of Tanganyika ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na ile ya Moshi mwaka 1969, wakati hospitali ya KCMC ilipokuwa ikijengwa na madaktari wageni wakihitaji mahali pa kusomesha watoto wao. Walimu wazee niliozungumza nao wananiambia kwamba udahili wa siku hizo ulikuwa jambo la asubuhi moja: barua ya mwajiri, cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, ripoti ya shule aliyotoka mtoto, kisha mwalimu mkuu anatazama kama kuna kiti. Hakuna aliyeuliza kama mtoto anafaa, kwa kuwa shule iliwekwa kwa ajili yake na hakuwa na pengine pa kwenda.

Leo wanaobisha hodi ni watu wengine kabisa. Ni Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi wanaoishi mjini, pamoja na familia zilizochanganya mataifa mawili au matatu, na baadhi yao wanakuja kwa njia ya ufadhili ambao shule zenyewe zimeutangaza. Pamoja nao umekuja utaratibu mpya. Mzazi hufungua akaunti katika programu kama OpenApply, hupakia ripoti za miaka miwili au mitatu, hulipia ada ya maombi isiyorudishwa, kisha shule humtumia mwalimu wa sasa wa mtoto fomu ya siri kwa barua pepe. Baadaye mtoto huketi mbele ya kompyuta kufanya kipimo cha uwezo, mara nyingi CAT4, au kipimo cha masomo kinachoitwa MAP Growth, halafu kipimo cha Kiingereza, na mwisho usaili wa mtoto na wa familia. Kila hatua ina sababu yake, na sioni ubaya wa shule kutaka kumjua mtoto kabla ya kumpokea. Tatizo langu ni kwamba hatua zote hizi, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, zinapitia mlango mmoja wa lugha, na mtoto aliyesoma kwa Kiswahili anapokwama mlangoni hapo huandikwa kwamba amekwama kwa akili.

Nianze na vipimo vyenyewe, maana wazazi wengi huvipokea kama majibu ya maabara. CAT4 ina sehemu nne: kufikiri kwa maneno, kufikiri kwa namba, kufikiri kwa maumbo, na kufikiri kwa nafasi, yaani uwezo wa kuona kichwani jinsi umbo linavyokunjwa au kugeuzwa. Alama hupangwa kulingana na umri, wastani ukiwa 100, na takribani theluthi mbili ya watoto huangukia kati ya 85 na 115. Sehemu ya maneno humtaka mtoto atambue neno lipi linafanana na mengine, au neno lipi lina uhusiano na lingine kama ule wa jozi aliyopewa. Mtoto aliyekutana na Kiingereza kama somo moja tu kwa siku hawezi kuonyesha akili yake hapo, hata awe nayo kiasi gani. Sehemu ya maumbo, kwa upande mwingine, karibu haina maneno. Kwa hiyo msomaji makini wa matokeo, akiona mtoto yuko chini sana kwenye maneno na juu sana kwenye maumbo, anapaswa kusimama pale pale na kuuliza mtoto huyu alisoma kwa lugha gani. Ndivyo yalivyokuwa matokeo ya mtoto wa Mbagala. Lakini jedwali lililowekwa mbele ya kamati lilijumlisha sehemu zote nne na kutoa wastani mmoja, na wastani huo ulikuwa wa kawaida tu, hivyo pengo lenyewe, ambalo ndilo lililokuwa na habari zote, likafutika.

MAP Growth nayo ina jambo lake. Kipimo hicho hujirekebisha kadiri mtoto anavyojibu: akipata, swali linalofuata huwa gumu zaidi, akikosa, huwa jepesi zaidi. Utaratibu huo ni mzuri kwa mtoto anayeielewa lugha ya swali. Kwa asiyeielewa, kompyuta haina namna ya kutofautisha kati ya kukosa kwa sababu hajui hesabu na kukosa kwa sababu hajui neno, kwa hiyo humshusha ngazi moja, kisha nyingine, mpaka anajikuta akijibu maswali ya watoto wa miaka mitatu nyuma yake. Maswali yale magumu ambayo angeyaweza hayamfikii kabisa.

Niliyaona haya kwa macho yangu siku ile. Mwalimu wa hesabu aliyekuwapo alimpa karatasi yenye mstatili, urefu na upana umeandikwa, na chini yake swali la Kiingereza la kutafuta mzingo. Mtoto alilitazama kwa muda mrefu, kisha akazidisha urefu kwa upana na kuandika jibu. Alikuwa ametafuta eneo. Mwalimu aliweka alama ya kosa bila kusema kitu. Nikaomba ruhusa ya kuuliza jambo, nikamwambia kwa Kiswahili, «Baba, hapa wanataka mzingo.» Hakuchukua kalamu. Alitaja jibu sahihi hapo hapo, kisha akageuka kumtazama yule mwalimu kwa wasiwasi, kama aliyefanya utovu wa adabu kwa kujibu haraka. Nikamuuliza kigawe kidogo cha shirika cha 12, 18 na 30. Akafunga macho kidogo na kusema mia moja na themanini. Nikampa swali la ngazi ya meta 13 iliyoegemezwa ukutani, mguu wake ukiwa meta 5 kutoka ukutani, ifikie urefu gani. Akachora pembetatu mraba, akaandika kanuni ya Pythagoras chini yake, akapata 12, na akaongeza mwenyewe kwamba ukuta lazima uwe umesimama wima ndipo jibu hilo liwe kweli. Sentensi hiyo ya mwisho hakuombwa aiseme. Mwalimu yeyote wa hesabu anajua thamani ya mtoto anayetaja sharti la kanuni bila kuulizwa.

Mwalimu huyo wa hesabu alikuwa mtu mwema na alivutiwa, lakini alinieleza kwa upole kwamba majibu yaliyotolewa kwa tafsiri hayahesabiwi, kwa kuwa utaratibu unataka kila mtoto apimwe katika mazingira yaleyale. Nilifikiri sana kuhusu maneno hayo. Mazingira hayawezi kuwa yaleyale kwa mtoto aliyejifunza mzingo, kipenyo, kiasi na asili kwa miaka saba, na kwa mtoto aliyeyajua mambo hayohayo kwa majina ya Kiingereza tangu chekechea. Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 shule za msingi za serikali nchini mwetu zimefundisha kwa Kiswahili, na kuna vizazi vya watoto ambao istilahi zao zote za hesabu na sayansi ni za Kiswahili, zilizotungwa kwa uangalifu na kuandikwa katika vitabu vya kiada. Huo ni ujuzi kamili. Msaili asiyeujua anaona mtoto mtupu.

Usaili wa mazungumzo ulikuwa na magumu ya namna nyingine. Mtoto aliingia, akaniamkia «Shikamoo mwalimu», akawaamkia na wengine hivyo hivyo, kisha akaketi na kuinamisha macho kama alivyofunzwa nyumbani anapozungumza na wakubwa. Alipoulizwa ni jambo gani amelifanya ambalo analionea fahari, alinyamaza, kisha akasema, «Sisi tulishinda mashindano ya hesabu ya kata.» Niliporudi baadaye kumuuliza mwalimu wake, nilijua kwamba timu ilikuwa ya watoto watatu na yeye ndiye aliyejibu karibu maswali yote. Katika kumbukumbu za usaili iliandikwa kwamba hatazami watu usoni, hajiamini, na hana mfano wa mafanikio yake binafsi. Mtoto aliyelelewa vizuri kwa kipimo cha nyumbani kwake alipunguziwa alama kwa sababu ya malezi yale yale. Sidai kwamba wasaili wote wajifunze mila za kila kabila na kila nchi, lakini shule iliyoko Dar es Salaam kwa zaidi ya kizazi kimoja inapaswa kujua maana ya shikamoo na sababu ya mtoto kusema «sisi» badala ya «mimi».

Fomu ya mwalimu ndiyo iliyonipeleka Mbagala. Ilikuwa imetumwa kwa barua pepe mara mbili bila kujibiwa, na jalada lingefungwa kwa kukosa kiambatisho hicho, kwa hiyo niliichapa na kuipeleka mwenyewe. Mwalimu yule alikuwa na watoto zaidi ya mia moja katika mkondo mmoja na hakuwa na kompyuta. Fomu ilimtaka aseme, kwa kuweka alama ya vema katika visanduku, kama mtoto yuko katika asilimia 1 bora, 5 bora au 10 bora ya wanafunzi wote aliowahi kuwafundisha, na jinsi anavyojitathmini na kujiongoza katika kujifunza. Alinirudishia karatasi na kusema hajui ajaze nini. Lakini tulipoketi chini ya mwembe na kuzungumza kwa Kiswahili, alinieleza kwa nusu saa mambo ambayo hakuna fomu ingeyapata: kwamba yeye hutumia mtoto huyo kuwaelekeza wenzake wa madawati ya nyuma wanaposhindwa kuona ubao, kwamba mtoto huanza na mfano wa vipande vya mbao vya baba yake kabla ya kutaja kanuni, na kwamba aliwahi kumrekebisha yeye mwalimu mbele ya darasa, kwa heshima, na alikuwa sahihi. Niliyaandika yote, nikayatafsiri, nikayaambatisha. Naelewa kwa nini fomu hizi hupita moja kwa moja kati ya shule na shule bila mzazi kuziona, hasa baada ya shule za kimataifa kuimarisha ulinzi wa watoto katika miaka kumi iliyopita, na jambo hilo ninaliunga mkono kwa dhati. Simu moja kwa Kiswahili ingetimiza lengo hilohilo.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo ni ya haki, na nimeisikia mara nyingi katika vikao. Mtoto wa miaka 13 au 14 anayeingia darasa linalofundishwa kwa Kiingereza tupu atateseka kama hana lugha hiyo, na shule isiyo na walimu wa kumsaidia itamdhulumu kwa kumpokea. Jim Cummins, mtafiti wa Canada aliyeshughulika na jambo hili tangu miaka ya 1970, alionyesha kwamba mtoto huweza kuzoea lugha mpya ya mazungumzo kwa takribani miaka miwili, lakini lugha ya masomo humchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake. Hilo si jambo dogo. Ndiyo sababu nasema tofauti lazima iandikwe: kama shule haina nafasi ya kumsaidia mtoto kilugha, jalada liseme hivyo, na familia iambiwe hivyo. Shule ikiandika kwamba mtoto hana uwezo ilhali yenyewe ndiyo isiyo na mwalimu wa kumvusha, imemhamishia mtoto upungufu wake.

Na muda wa kumvusha upo. Darasa la saba humaliza mtihani Septemba, ilhali mwaka wa masomo wa shule nyingi za kimataifa huanza Agosti, kwa hiyo kati ya mtihani na siku ya kwanza ya darasa kuna karibu miezi kumi na moja. Watoto wa serikali huanza kidato cha kwanza Januari, ambako nako karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza kwa mara moja. Ninachopendekeza ni kwamba mtoto aliyekubaliwa mapema apewe miezi kadhaa ya Kiingereza cha masomo kabla ya Agosti, akianzia na istilahi anazozijua tayari kwa Kiswahili, maana kujifunza jina jipya la kitu unachokijua ni kazi nyepesi kuliko kujifunza kitu chenyewe.

Tena Kiswahili chake kingekuwa mali kwa shule. Programu ya Diploma ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari, ya International Baccalaureate, shirika lililoanzishwa Geneva mwaka 1968, humruhusu mwanafunzi kusoma fasihi kwa lugha yake ya kwanza hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo, na mwanafunzi anayefanya hivyo huku akisoma sayansi au sayansi ya jamii kwa Kiingereza anaweza kupata diploma ya lugha mbili. Nimewafundisha vijana waliopata diploma hiyo kwa fasihi ya Kiswahili, na picha zao zimo katika vijitabu vyetu vya kutangaza shule. Lugha tunayoiheshimu mtoto anapoondoka inastahili kuheshimiwa anapoingia.

Njia nyingine zipo na zinafanya kazi karibu nasi. Ile shule ya Moshi, ambayo tangu 2019 ni UWC East Africa, imo katika mfumo wa shule za United World Colleges (UWC) ulioanzia Wales mwaka 1962 kwa fikra za mwelimishaji Mjerumani Kurt Hahn, ambapo kamati za kitaifa katika nchi zaidi ya 150 huwachagua vijana kwa kuwaweka pamoja, kuwapa kazi za kikundi, na kuwatazama wanavyoshughulika na wenzao. Aga Khan Academy ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2003, hutenganisha uamuzi wa kumkubali mtoto na swali la familia inaweza kulipa kiasi gani, na Kiswahili kina nafasi katika ufundishaji wake. Hakuna kati ya hizo iliyo kamilifu, lakini zinaonyesha kwamba kompyuta na wastani mmoja wa alama si njia pekee.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni kile ambacho mtathmini hufundisha kwanza kisha hupima. Mtoto hupewa somo fupi la jambo ambalo hakuna aliyelisoma, kwa lugha anayoielewa, kwa picha na kwa vitu vya kushika, halafu mwalimu hutazama amefika wapi baada ya dakika arobaini, anauliza maswali gani, anafanya nini anapokosea. Tulilijaribu mwaka jana kwa watoto tisa, tukiwafundisha kuhesabu kwa mfumo wa tarakimu mbili pekee, 0 na 1, na mambo tuliyojifunza kuhusu watoto wale kwa asubuhi moja yaliwafanya hata wenzangu waliokuwa na shaka wakubali kuendelea.

Kwa hiyo yapo yaliyobadilika shuleni kwetu. Mahojiano ya hesabu sasa huanza kwa lugha ambayo mtoto alisomea, na juu ya meza ipo karatasi ya kurasa mbili niliyoiandaa yenye istilahi za Kiswahili na za Kiingereza bega kwa bega. Sehemu za CAT4 husomwa moja moja kabla ya wastani kutajwa. Mwalimu asiye na barua pepe hupigiwa simu. Lile ambalo bado halijakubaliwa ni kwamba familia inayokataliwa ipewe sababu kwa maandishi na kwa lugha inayoielewa. Uongozi una wasiwasi wa mabishano na wazazi. Mimi hujibu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humpa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake, kama ilivyo Kenya kwa sheria yao ya 2019, na mzazi akija kuomba alama za mtoto wake hatutakuwa na sababu njema ya kumnyima. Mzazi anayesoma hapa na ambaye mtoto wake alikataliwa mahali bila maelezo, aombe matokeo ya kila sehemu ya kipimo, si jumla peke yake, na aulize jibu lilitolewa kwa sababu ya lugha au kwa sababu nyingine.

Mtoto wa Mbagala yuko kidato cha nne katika shule ya kata na atafanya mtihani wa taifa Novemba. Baba yake alinitumia picha ya ripoti ya muhula uliopita: Hisabati A, Fizikia A, zote kwa Kiingereza. Niliichapa na kuiweka katika jalada lake la zamani, ambalo bado tunalo, nyuma ya ukurasa wenye lile neno. Kikao kijacho cha kamati ni mwezi ujao, na suala la kueleza sababu kwa maandishi nimeomba liwe la kwanza katika ajenda.